UGANDA ITAZAMWAPO KUTOKA MASINYA
Ardhi, watu na serikali katika nchi ya mpakani

Mtu akitaka kuieleza nchi ya Uganda, aghalabu huanzia Kampala, mji wenye vilima, Bunge, wizara na barabara zenye msongamano. Si vibaya kuanzia huko. Lakini nchi ni kama nyumba. Sebule humwonyesha mgeni yale ambayo wenyeji wanapenda ayaone, na mlango wa uani ndio unaodhihirisha jinsi wenye nyumba wanavyoishi na majirani zao. Uganda ina milango ya uani mingi, na mmojawapo ulio mkongwe na wenye shughuli nyingi ni ule wa mashariki, kati ya Tororo na Ziwa Victoria, mahali inapopakana na Kenya.

Katika upande huo ndipo ilipo Masinya, mojawapo ya gombolola za Wilaya ya Busia, katika nchi ya Wasamia na Wagwe. Masinya si mji mkubwa. Wakazi wake walio wengi ni wakulima wadogo, wenye migomba nyuma ya nyumba, muhogo na wimbi shambani, na kuku uani. Hata hivyo mambo matatu yanayoifanya nchi iitwe nchi, yaani ardhi, watu na serikali, huonekana hapa kwa uwazi kuliko katika mahali pengi panapojulikana. Kwa askari wa jeshi au wa polisi anayepangiwa kazi upande huu, na kwa mke au mume na watoto wanaofuatana naye, kuyaelewa mambo hayo si anasa. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

ARDHI NA MAJI

Uganda ina eneo la kilomita za mraba 241,000 hivi, ikihesabiwa na maji yake. Imezungukwa na nchi tano: Kenya mashariki, Sudani Kusini kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo magharibi, na Rwanda na Tanzania kusini. Haina pwani, lakini haina kiu. Sehemu ya Ziwa Victoria ni yake, na ndani yake yamo pia maziwa ya Kyoga na George, pamoja na sehemu za Albert na Edward. Mto Nile hutoka katika Ziwa Victoria mjini Jinja na kuanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Magharibi husimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Mashariki husimama Elgon, mlima ambao Uganda na Kenya wanaugawana, wenye urefu wa mita 4,321.

Nchi ya Busia na Tororo iko kaskazini kidogo ya Ikweta, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Si nchi ya milima mirefu. Ni mabonde mapana yenye nyasi na mafunjo, na vilima vya hapa na pale. Alama inayoonekana kutoka mbali ni mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko kwenye mita 1,480 hivi juu ya bahari, na ambao kwa msafiri atokaye Malaba ndio dalili ya kwanza kwamba amekwisha kuingia Uganda.

Mito miwili ya nchi hii inastahili kukumbukwa. Wa kwanza ni Sio, ambao hutoka Kenya, ukawa mpaka kwa sehemu ya mwendo wake, kisha ukaingia Ziwa Victoria. Wa pili ni Malaba, ambao nao ni mpaka kwa sehemu, kisha huiacha Kenya na kuelekea magharibi kwa njia ya mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Kwa macho ya haraka mito hii imeachana kabisa. Lakini maji ya Sio yakiisha kuingia Ziwa Victoria hutoka Jinja pamoja na Nile, na Nile huingia Kyoga, nako hukutana na maji ya Malaba. Basi maji yaliyoachana mpakani hukutana tena mbele ya safari. Wazee wa nchi hii hawakuhitaji ramani ili kulijua jambo hilo, kwa kuwa ndivyo zilivyo hata koo zao.

Mvua hunyesha kwa misimu miwili. Ya kwanza na kubwa huanza Machi hadi Mei, na ya pili huja kati ya Agosti na Novemba. Kwa hiyo mkulima hodari aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mazao ya chakula ni muhogo, wimbi, mtama, mahindi, viazi vitamu, maharage na karanga. Pamba ililetwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi ikawa zao la fedha katika mashariki yote. Chini ya udongo pia kuna mali. Mawe ya chokaa ya Tororo ndiyo yaliyozaa kiwanda cha saruji. Vilima vya Sukulu vina fosfeti ya kutengenezea mbolea. Huko Tiira, katika eneo la Busitema, wananchi huchimba dhahabu. Na zamani zaidi, kabla ya Mzungu kufika, Wasamia walijulikana kama wahunzi waliochimba chuma katika vilima vyao na kufua majembe yaliyouzwa katika nchi za kandokando ya ziwa.

WATU WAKE

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2014, Uganda ilikuwa na watu milioni 34.6. Katika hesabu ya mwaka 2024 walifika milioni 45.9. Takriban nusu yao ni watoto na vijana wenye umri chini ya miaka 18. Maana yake ni kwamba kila mfanyakazi mmoja ana vinywa vingi vya kulisha, na kila shule ina madawati yasiyotosha. Familia ya askari yenye watoto sita huyaelewa mambo hayo bila ya kuelezwa na mtaalamu.

Katiba ya Uganda inayataja makabila ya asili zaidi ya 60. Katika upande wa Busia na Tororo peke yake, msafiri hukutana na matawi matatu makubwa ya lugha za Afrika Mashariki kwa mwendo wa siku moja. Wasamia na Wagwe ni Wabantu, na lugha yao ni ndugu wa lugha za Waluhya wa Kenya. Jopadhola wa Tororo ni Waluo, wenye udugu na Waluo wa Nyanza na Waacholi wa kaskazini. Iteso, walio Tororo na pia katika sehemu za Busia, ni wa tawi moja na Wakaramojong na Waturkana. Msamia humwamkia mwenzake "Mulembe", yaani amani. Mteso husema "Yoga". Askari aliyetoka Kigezi au West Nile akijifunza maneno hayo mawili tu, atafunguliwa milango ambayo bunduki haiwezi kuifungua.

Watu hao hao wako ng'ambo ya mpaka. Wasamia wa Kenya wanakaa Funyula. Jirani zao ni Wabanyala wa Budalangi, Wakhayo wa Matayos na Nambale, na Wamarachi wa Butula. Iteso wa Kenya wanakaa katika Teso Kaskazini na Teso Kusini, hadi Malaba. Kaunti ya Busia ya Kenya ilihesabiwa kuwa na watu 893,681 mwaka 2019, na wengi wao wana shangazi, mjomba au mkwe katika Uganda. Ng'ombe wa mahari huvuka, maharusi huvuka, na wakati wa msiba waombolezaji huvuka.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa jamaa ya Awori. Moody Awori alikuwa Mbunge wa Funyula, na kuanzia mwaka 2003 hadi mwanzoni mwa 2008 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Ndugu yake, Aggrey Awori, alikimbia mbio za kuruka viunzi kwa niaba ya Uganda katika michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na Tokyo mwaka 1964. Baadaye akawa Mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001, na kuwa Waziri kuanzia 2009 hadi 2011. Alifariki mwaka 2021. Ndugu wawili, bendera mbili, na hakuna aliyemsaliti mwenziwe wala nchi yake. Huo ndio mpaka wa Busia kwa ufupi.

MPAKA ULIVYOWEKWA

Wengi hudhani kwamba mpaka huu ni wa kale kama mito yenyewe. Sivyo. Uganda ilifanywa nchi ya himaya ya Uingereza mwaka 1894, na katika miaka ile ya kwanza jimbo lake la mashariki lilienea hadi Kisumu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 serikali ya Kiingereza ililihamisha jimbo hilo na kulitia katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Kwa amri hiyo iliyoandikwa mbali, Msamia wa upande mmoja wa Sio akaamka akiwa chini ya serikali moja, na nduguye wa upande wa pili chini ya serikali nyingine. Mwaka 1926 mipaka ikathibitishwa tena kisheria. Ndiyo sababu Katiba ya leo, inapoeleza nani ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa, huitaja tarehe 1 Februari 1926: makabila yaliyokuwa yakikaa ndani ya mipaka ya Uganda siku hiyo ndiyo yaliyoorodheshwa, na Wasamia, Wagwe, Iteso na Jopadhola wamo.

Utawala wenyewe uliingia kwa mkono wa Mwafrika. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, ndiye aliyeitawala nchi iliyoitwa Bukedi mwanzoni mwa karne ya 20, akaleta mfumo wa Buganda wa saza, gombolola na muluka. Kwa hiyo mwananchi wa Masinya anapotaja gombolola yake leo, anatumia neno la Kiganda lililofika na majeshi ya Kakungulu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mfumo huo ulijenga barabara na kusimamisha mahakama, lakini pia ulileta kodi ya kichwa. Katika Januari 1960 wananchi wa Bukedi waliwaka hasira juu ya jinsi machifu walivyokadiria kodi, na ghasia zikaenea hadi Bugisu. Nyumba za machifu zilichomwa moto, polisi wakapiga risasi, na roho za watu zikapotea. Tume iliteuliwa kuchunguza. Funzo la mambo yale halijazeeka: kodi isiyo na haki humfanya raia amwone mwenye sare kuwa adui, hata kama mwenye sare hakuikadiria kodi hiyo.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, na baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, sukari, sabuni na chumvi zikawa adimu. Ndipo neno "magendo" lilipokuwa neno la kila siku. Kahawa ilivushwa usiku kwenda Kenya, hasa bei zake zilipopanda duniani mwaka 1976 na 1977, na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia hizo hizo. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda kwa hoja ya mipaka ya zamani. Kenya ilipinga vikali, naye akarudi nyuma. Vita vya 1978 na 1979 vikamwondoa, Kampala ikachukuliwa tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya miaka ya misukosuko Yoweri Museveni na jeshi la NRA wakashika serikali tarehe 26 Januari 1986. Hata baada ya hapo amani ya mpakani haikuja mara moja. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi pale Busia, na mpaka ukafungwa kwa muda. Waliolipa gharama walikuwa ni wale wale: mama wa sokoni, mgonjwa aliyekuwa akivuka kwenda hospitali, na mtoto ambaye bibi yake yuko ng'ambo.

SERIKALI, KUTOKA KIJIJINI HADI KAMPALA

Uganda imekuwa na katiba za 1962, 1966 na 1967, na ile inayotumika leo ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Msingi wake ni kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Rais huchaguliwa na wananchi wote kila baada ya miaka mitano. Bunge hutunga sheria, na kila wilaya huwa pia na kiti cha mbunge mwanamke. Mahakama husimama peke yake. Falme na tawala za jadi, zilizofutwa mwaka 1967, zilirudishwa mwaka 1993, lakini kwa mambo ya mila na utamaduni, si ya siasa. Ardhi, kwa mujibu wa Katiba hiyo, ni mali ya raia, na sehemu kubwa ya ardhi ya mashariki humilikiwa kwa desturi za ukoo.

Lakini mtu wa Masinya hakutani na Rais wala Jaji Mkuu. Serikali anayokutana nayo ni ya ngazi zilizowekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Ngazi ya kwanza ni kijiji, yaani LC I. Ya pili ni muluka, ya tatu ni gombolola, ya nne ni saza, na ya tano ni wilaya. Mwaka huo huo wa 1997 ndipo Busia ilipotengwa na Tororo na kuwa wilaya yake yenyewe. Leo Uganda ina wilaya zaidi ya 130. Mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na wananchi, na Rais huwa na mwakilishi wake wilayani, ajulikanaye kwa herufi RDC.

Mwenyekiti wa LC I ndiye mlango wa kwanza wa serikali. Yeye ndiye anayemjua mgeni aliyehamia, anayeandika barua ya kumtambulisha mtu, na pamoja na wenzake kusikiliza kesi ndogo ndogo za madeni, mashamba na ugomvi wa majirani. Mwezi Julai 2018 wananchi waliwachagua wenyeviti hao kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea. Polisi mpya anayefika kituoni na kumpita mwenyekiti huyo bila salamu ameanza kazi yake kwa mguu mbaya.

Ng'ambo ya pili mambo yamepangwa kwa njia nyingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake dogo. Kando ya hao kuna watumishi wa serikali kuu, kutoka kamishna wa kaunti hadi chifu na naibu wake. Kwa hiyo ng'ombe akiibwa Uganda na nyayo zake zikielekea Kenya, wanaopaswa kukaa pamoja ni mwenyekiti wa kijiji upande huu na chifu au naibu wa chifu upande ule, pamoja na polisi wa nchi zote mbili. Askari asiyejua nani ni nani ng'ambo atapoteza siku mbili akiuliza, na ng'ombe atakuwa amekwisha kuchinjwa.

SOKO NA NYUMBA

Kwa mama au baba mwenye nyumba aliyehamia Busia au Tororo, jambo la kwanza la kulijua ni sarafu mbili. Shilingi ya Uganda na shilingi ya Kenya hutumika bega kwa bega, na bei huweza kubadilika baada ya hatua 100 tu. Afaaye kufuatwa ni yule anayefanya hesabu yake nyumbani kabla ya kutoka, si yule anayefanyiwa hesabu na mwuzaji. Fedha zibadilishwe mahali panapojulikana, mchana, na zihesabiwe mbele ya aliyezitoa.

Chakula hakina taabu. Samaki wa ziwa hutoka Majanji kwa upande wa Uganda, na Sio Port na Port Victoria kwa upande wa Kenya. Sangara, sato na dagaa wakavu hupatikana karibu kila soko. Unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi hutoa ugali mweusi wenye kushikilia tumbo, ambao Iteso huuita atap, na mtoto aliyezoea ugali mweupe wa mahindi kambini hauzoei siku ya kwanza. Aanze na mdogo, kwa mchuzi wa karanga. Muhogo mchungu uloweshwe na kukaushwa vema kabla ya kusagwa, kwa kuwa sumu yake si hadithi.

Malaria ni adui mkubwa katika nchi hii. Tororo na Busia zimekuwa kati ya sehemu zenye malaria nyingi katika Uganda, kwa sababu ya mabonde ya maji na joto la mwaka mzima. Chandarua si pambo la harusi. Kitumike kila usiku, mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na dawa zimalizwe hata kama homa imekwisha kushuka. Hospitali ya wilaya iko Masafu.

Kuhusu masomo, Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003. Lakini shule ya msingi ya Uganda ni ya miaka saba, na ya Kenya, kwa mtaala wake mpya, ni ya miaka sita. Mzazi anayefikiri kumvusha mtoto katikati ya safari ahesabu kwanza darasa atakaloingia na mtihani atakaoufanya, asije akampotezea mwaka.

Tena liko jambo la biashara ndogo. Wanawake wengi wa mpakani huishi kwa kuvusha magunia ya nafaka, matunda, samaki na nguo za mitumba. Wengi wao hupita njia za panya kwa kuogopa ofisi, wakidhani kila ofisi ni ya kuwanyang'anya. Ukweli ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977 na kufufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imeweka utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, ambazo ziko katika orodha iliyokubaliwa na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, hupewa cheti rahisi pale pale mpakani na husamehewa ushuru wa forodha. Kodi nyingine na masharti ya afya hubaki. Anayepita mlangoni kwa cheti hana deni na mtu. Anayepita mtoni usiku huweza kuangukia mikononi mwa wezi, au mwa askari asiye mwaminifu, na hana pa kushitaki.

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda waliruhusiwa kuanzia mwaka 2014 kuvuka kwa vitambulisho vyao vya taifa. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi pale Busia kituo kimoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Hata neno "boda boda", ambalo leo lasikika hadi miji ya mbali, lilizaliwa katika mpaka huu, kutokana na baiskeli zilizowabeba watu kati ya vizuizi vya nchi moja na nyingine.

MWENYE SARE MPAKANI

Yote hayo yaliyoelezwa yanamhusu mwenye sare kwa namna ya pekee. Katiba ya Uganda inataka jeshi liwe la kitaifa, lisilo la chama, lenye nidhamu na lenye kutii mamlaka ya kiraia. Moja ya kazi lilizopewa, mbali na kulinda mipaka, ni kukuza maelewano kati ya majeshi na raia. Polisi nao wameagizwa kulinda maisha na mali, kutunza sheria na amani, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na wananchi. Maneno hayo ni mepesi kusomwa darasani. Huwa mazito usiku wa manane kandokando ya mto Sio, mvua inaponyesha na kivuli cha mtu mwenye gunia kinapovuka.

Je, kivuli hicho ni cha nani? Pengine ni cha mwizi wa mifugo au mwuza silaha, na hapo hakuna mjadala: sheria ifuate mkondo wake. Pengine ni cha mama anayepeleka unga kwenye matanga ya dada yake. Askari asiyewajua watu wa mahali atawatendea wote wawili sawasawa, ama kwa ukali au kwa kufumba macho kwa malipo, na yote mawili ni makosa. Askari anayewajua, anayeongea na mwenyekiti wa kijiji, anayekula sokoni na kulipa, ambaye mke wake anafahamika kisimani na watoto wake wamo katika shule ile ile, hupata habari kabla ya tukio. Mpaka mrefu kama huu haulindwi na idadi ya askari. Unalindwa na midomo ya raia walio tayari kusema walichokiona.

Lugha nayo ni silaha katika kazi hiyo. Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi ya Afrika Mashariki tangu siku za King's African Rifles, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwezi Julai 2022 serikali iliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule. Wapo wazee wanaokumbuka siku ambazo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrishwa ulale chini na utoe ulichonacho. Kumbukumbu hiyo haifutwi kwa amri. Hufutwa na askari anayekitumia Kiswahili hicho hicho kuamkia, kuuliza kwa adabu, na kueleza sheria kabla ya kuitumia. Kwa kuwa Msamia, Mteso, Jopadhola na mgeni kutoka Mbarara hawana lugha ya mama moja, neno la kwanza la serikali analolisikia raia huwa mara nyingi ni la Kiswahili kutoka kinywani mwa askari.

Basi hiyo ndiyo Uganda kama inavyotazamwa kutoka Masinya. Ardhi yake haikujua mstari, watu wake ni wa kale kuliko mstari, na serikali yake imepewa kazi ya kuulinda mstari huo bila ya kuikata mishipa ya damu iliyo chini yake. Wahenga walisema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mwananchi wa Busia amejaliwa zaidi ya hapo, kwa kuwa jirani yake ndiye ndugu yake. Mwenye sare anayetumwa huko, na jamaa yake anayeandamana naye, na wajue kwamba wanakwenda kukaa kati ya ndugu, na waitumikie nchi yao kwa namna ambayo siku ya kuhamishwa itakapofika, wenyeji wa pande zote mbili watakuja kuwasindikiza.